Mgongo wa Mwanahiti

Kazi yangu ya kwanza na ya mwisho kutundikwa ukutani ilitundikwa katika monasteri moja ya Wabenedikto kule kusini, zama za Mwingereza, nami nikasimama chini yake nimevaa koti la kuazima. Nilipigiwa makofi mara mbili siku ile. Makofi ya kwanza labda nilistahili, sijui. Siku hizi sijifanyi mjuzi wa sanaa. Makofi ya pili niliyapata kwa uongo, na mama aliyenilea alikuwa amesimama katikati yake akidhani anapigiwa yeye.

Nilizaliwa Maparoni, ndani ya delta, ambako njia ni maji na mtu hulima mpunga huku sikio lake liko mtoni. Mama alifariki siku aliyomzaa dada yangu. Dada yake, mama mkubwa, alikuja kutuchukua akatupeleka kwake Kibiti, mimi kwa miguu yangu na yule mchanga mgongoni mwake. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Alikuwa kungwi. Kungwi asiyezaa huitwa majina mengi watu wanapogombana naye kisimani, lakini wasichana wa upande wetu walipovunja ungo waliletwa kwake wote, hata mabinti wa hao waliomtukana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mwanahiti.

Mwanahiti ni mtoto wa mti. Wetu alikuwa mweusi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Hana mikono wala miguu. Ana kichwa chenye vishungi viwili vya nywele, matiti madogo na kitovu, basi. Mwali akiwekwa ndani hukabidhiwa amlee: amwogeshe, ampake mafuta ya nyonyo, amvike ushanga, alale naye. Akimwangusha hutozwa kuku. Siku ya kutolewa nje humbeba mbele ya watu wote, na hapo ndipo ukweni wanapoona kuwa wanapewa mwanamke aliyefundwa, anayejua kulea. Mwanahiti wetu alilelewa na bibi, akalelewa na mama mkubwa, akalelewa na mama yangu. Ushanga aliouvaa shingoni ulikuwa wa mama yangu. Mwanamume hamgusi. Anayeruhusiwa ni mmoja tu, mchongaji, kwani ndiye aliyemtoa ndani ya mti.

Mimi nikawa mchongaji. Nilipomaliza shule ya kati sikupata nafasi kwenye sekondari ya serikali, mwalimu wangu akaniandikia barua kwa mapadri wa kusini, wakanipokea. Majirani walimjia mama mkubwa wakamwambia nitalishwa nguruwe na nitarudi nimebatizwa. Akawajibu, "Mtoto wangu ana mdomo. Asilolitaka atalikataa." Nguruwe nilimkataa kweli, na hakuna aliyenilazimisha. Yaliyonishinda kuyakataa yalikuwa mengine.

Monasteri ile ilijengwa na Wajerumani, mawe matupu, kuta nene kiasi cha mtu kukaa dirishani na miguu juu. Kulikuwa na mnara wa kengele, na ua wa ndani wenye matao pande zote ambako wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga. Nilisoma sekondari pale, na nilipomaliza nikabaki katika karakana ya useremala. Nilichonga viti vya kanisani, fremu, misalaba. Mkono wangu ulikuwa mwepesi na nilijua.

Kisha akaja mtawa mmoja kutoka Ulaya, mchoraji, mtu mwembamba mwenye rangi chini ya kucha. Mapadri wazee walijua Kiswahili kutuzidi baadhi yetu, lakini huyu alikuwa mgeni na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Aliomba ruhusa ya kufanya maonyesho ya sanaa katika ukumbi mrefu wa zamani, kazi mpya za vijana wa hapa, si picha za watakatifu zilizonakiliwa. Alitukusanya karakanani akasema, "Leteni kitu cha kwenu. Kifanyeni kipya. Na tafadhali, msinichongee simba. Simba nimechoka nao."

Mwenzangu mmoja, mchongaji hodari wa uwanda wa juu kusini kule, akaniangalia. "Wewe mtu wa tope," akasema, "utaleta nini? Kaa?"

Karakana nzima ilicheka. Mtu wa tope ndilo jina waliloniita tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu niliwahi kuwasimulia jinsi tunavyotembea kwenye mikoko maji yakitoka. Nilicheka nao. Lakini sikulala vizuri siku nyingi kwa ajili ya kaa yule.

Nikaenda likizo nyumbani, mvua za masika zikiwa karibu. Dada yangu alikuwa ameshawekwa ndani. Sikuruhusiwa kumwona, ila tulizungumza yeye akiwa upande wa pili wa ukuta wa udongo.

"Kaka, nimenenepa! Hutanijua."

"Unakula nini?"

"Nalishwa kama kuku wa Idi. Na mtoto wangu hajambo, ila mgongo unamwuma."

Alikuwa anamsema mwanahiti. Mama mkubwa akamtoa, amemfunga kwenye khanga kama mtoto mchanga, akanionyesha. Mgongo ulikuwa umeliwa na dumuzi, matundu mengi na ufa mmoja mrefu. Ukimtikisa unga unatoka.

"Wewe si mchongaji?" akaniambia. "Mtibu. Wakwe zetu wa kule Mkongo wameshaambiwa, mpunga ukivunwa mwali anatoka. Siwezi kumtoa na mtoto anayemwagika unga."

"Hapa sina vifaa. Nikienda naye karakanani ni kazi ya siku mbili."

Alifikiri sana. Kumtoa mwanahiti nje ya mji halikuwa jambo dogo, na mwali alikuwa bado ndani naye. Kutoka nyuma ya ukuta dada yangu akasema, "Mpe, mama. Kaka ni fundi." Basi akanipa. Akanifundisha jinsi ya kumbeba, mimi mtu mzima mwenye cheti, kama anayemfundisha mwali.

"Usimlaze kifudifudi," akasema. "Atakosa pumzi."

"Mama mkubwa, ni mti."

"Najua ni mti. Usimlaze kifudifudi."

Niliahidi kumrudisha mwenyewe mara barabara itakapofunguka baada ya mvua. Sitaki mtu anayesoma hapa adhani nilikwenda kuiba. Nilikuwa na nia ya kumtibu. Nilimbeba mapajani njia nzima, Ikwiriri, kivukoni, kwenye malori, na nilipofika nilianza kazi siku ileile: nikatia mafuta ya taa kwenye matundu kuua wadudu, nikamwegemeza dirishani akauke.

Mtawa mchoraji akapita akamwona. Alimshika kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. Kisha akauliza, "Hiki ni cha nani?"

Wachongaji wenzangu walikuwa wanatazama. Yule wa kaa alikuwa ameacha kazi kabisa.

Nikasema, "Changu."

Neno moja. Ningesema ni wa mama yangu, yule mtawa asingemgusa tena. Alikuwa mtu mwenye adabu na sina la kumlaumu. Akaniambia kazi yangu itakaa katikati ya maonyesho.

Nilikuwa na ubao wa mtumbwi mkuukuu, mweupe kwa chumvi. Nilitaka mwanahiti akae juu yake kama aliyeelea. Lakini alikuwa wa mviringo, hakukaa, aliyumba. Nikajiambia mgongo wenyewe ni mbovu, umeliwa, hauna faida. Nikakata ule ushanga ili usinisumbue. Zile shanga zikatawanyika sakafuni, na jioni zilifagiliwa pamoja na maranda. Nikamlaza kifudifudi kwenye meza, nikambana kwa jiliwa, nikamkata kwa urefu kuanzia utosini mpaka chini, nikautenga mgongo. Sehemu ya mbele ikalala sawasawa kwenye ubao. Nikambandika kwa gundi, kisha kwa kuwa siamini gundi peke yake nikapigilia misumari miwili, mmoja kitovuni. Na gundi yetu ya ngozi ilikuwa lazima ichemshwe. Kipande cha mgongo kilikuwa kikavu, chenye mafuta ya nyonyo ya miaka mingi ndani yake na mafuta yangu ya taa juu yake. Kiliwaka vizuri.

Mtawa aliiita kazi ile *Mama wa Afrika*. Nikakubali na hilo.

Barua ya kwanza ya mama mkubwa ilikuja masika yakiisha. Iliandikwa na Mhindi wa duka pale Kibiti, mtu aliyemwandikia kila mama asiyejua kuandika, na kwa herufi nzuri. Ilisema: mtoto amepona? Mwali anakaribia kutoka. Sikujibu. Ya pili ilisema mpunga umekatwa, watu wa Mkongo wameuliza mara mbili, na mwali analia, tafadhali mtume mtoto kwa lori lolote. Ile ya pili niliisoma kwa sauti bwaloni wakati wa chakula. Niliigiza sauti yake. "Mtoto amepona? Mtoto anakula?" Walicheka hadi mmoja akapaliwa na ugali. Yule wa kaa alisema sasa amejua kwamba watu wa tope huzaa magogo. Hata hilo nililicheka, kwa kuwa siku ile sikuwa mimi ninayechekwa.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifunguliwa kwa watu wote, wanaume kwa wanawake. Walikuja walimu, wauguzi, Bwana DC na mkewe mwenye kamera, mapadri kutoka misheni za jirani. Zilikuwepo picha za rangi za masoko na mazishi, vinyago vilivyopindwa visivyofanana na mtu, udongo, chuma. Na katikati, juu ya ukuta wa mawe, yangu. Niliwekwa karibu nayo nitafsiri kwa wageni. Bwana DC alisema ni kazi ya nguvu. Wakapiga makofi. Hayo ndiyo ya kwanza.

Kisha nikaona kwenye mlango mkubwa khanga ninayoijua.

Alikuja peke yake kwa malori ya wafanyabiashara, akilala kwa watu asiowajua. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Alikuwa na furushi: mchele, chupa ya mafuta ya nyonyo, na kipande cha kitambaa kipya cha kumbebea mwanahiti wakati wa kurudi. Uso ulimng'aa aliponiona.

"Mwanangu!" akaita. "Baba! Hujambo?"

Watu wakageuka. Yule mchongaji mwenzangu akanisogelea. "Nani huyo?"

"Mwanamke wa kule kwetu," nikasema.

"Mama yako?"

"Siyo."

"Mbona mna pua moja?"

Nikajifanya sikusikia. Mama mkubwa alikuwa ameshafika mbele yangu, anatabasamu, anataka kunishika uso. Kisha akatazama juu ya bega langu, ukutani.

Hakupiga kelele. Akaweka furushi chini, akavua khanga ya mabegani, akanyoosha mikono akaitupia juu ya ubao, akaifunga vizuri chini ya kidevu cha mwanahiti, kama unavyomfunika mtu uliyemkuta uchi njiani. Wageni wakacheka kidogo, kicheko cha upole. Mke wa Bwana DC akapiga picha.

Ndipo akazungumza, kwa Kindengereko, lugha ya kwetu, na pale ukumbini aliyekijua nilikuwa mimi peke yangu.

"Mtoe msumari," alisema. "Nipe mtoto niende. Mwali ananisubiri. Nisiporudi naye, kijana wa Mkongo ataambiwa mkewe hakufundwa. Waambie wazee wako hawa, wao ni watu wa Mungu, watanielewa. Waambie mimi nimekulea."

Mtawa mchoraji alikuwa karibu. "Anasema nini?" akaniuliza.

Wote walinigeukia. Ulimi ulikuwa wangu.

Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, "Anasema ametoka mbali kuja kuiona kazi hii. Ameivika nguo yake kama heshima. Anaibariki."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mtawa alikuwa na machozi. Bwana DC aliinamisha kichwa mbele ya mama mkubwa, na yeye akapiga goti kidogo, kwa adabu, akageuka kwangu macho yamejaa.

"Wamekubali?"

Ningeweza kunyamaza tu, na hata hilo lingekuwa bora.

"Wamekubali," nikamwambia. "Nenda kasubiri nje, chini ya mnara wa kengele. Nitakuletea."

Alinibusu mkono. Mama aliyenilea alinibusu mimi mkono, akaokota furushi lake, akatoka nje mabega wazi. Khanga alimwachia mwanahiti asipate baridi.

Sikwenda. Ukumbi ulipofungwa nilitokea mlango wa nyuma wa jikoni. Kesho yake nilimwona kutoka dirisha la karakana: amekaa palepale, miguu ameinyoosha, kitambaa kipya amekitandika mapajani tayari. Bruda wa getini alimpelekea uji. Alipomuuliza anamsubiri nani, alijibu kwamba anamsubiri mwanawe na mjukuu wake. Bruda alikuja kutuuliza karakanani kama kuna mwenye mama hapo nje. Tulikuwa sita. Wote tukasema hapana. Kengele ilipigwa juu ya kichwa chake mara saba kwa siku, siku mbili. Siku ya tatu lori la ufuta lilikuwa linarudi kaskazini, akapanda. Furushi aliliacha kwa bruda, akamwambia mchele ni wa mwanawe akitokea. Niliula ule mchele. Ulikuwa mchele mpya wa Rufiji, unaonukia, na nilikuwa sijaupata muda mrefu.

Watu wa Mkongo walikuwa wamefika na ngoma zao wakati mama mkubwa yuko njiani. Hakukuwa na la kufanya. Wanawake walitafuta gunzi la mahindi, wakalifunga shanga, wakampa dada yangu, akatoka nalo. Hutumiwa gunzi pale ambapo ukoo hauna mwanahiti, wala si aibu kwa mtu wa hivyo. Lakini nyumba ya kungwi? Binti wa kungwi mwenyewe? Kina mama aliowahi kugombana nao kisimani walikuwa na wimbo kabla jua halijasimama: mwali wa gunzi, mwali wa gunzi, kuku wakimwona wanamfuata. Waliuimba hadi Mkongo, na ukweni wakaupokea.

Aliolewa, ndiyo. Alikaa miaka minne bila mtoto. Mama mkwe akimtuma kupura mahindi alimwambia, "Angalia usiwapure wanao." Mwishowe mume alimrudisha Kibiti. Mimi nimesoma elimu ya viumbe na siwezi kuandika hapa kwamba kipande cha mti hufunga tumbo la mtu. Ila najua msichana wa miaka ile aliyeitwa gunzi kila asubuhi alikula kiasi gani na alilala kiasi gani, kwani alinieleza mwenyewe, bila kuruka siku.

Maonyesho yalipokwisha, wageni waliomba kazi walizozipenda. Yangu haikuombwa. Nilisikia mke wa Bwana DC alisema inanuka mafuta ya taa. Mtawa akanirudishia kwa masikitiko, nikaing'oa misumari. Mama wa Afrika alikuwa na tundu mahali pa kitovu. Nilikaa naye chini ya kitanda mwaka mzima, na zaidi, mpaka niliposikia kwamba dada yangu huko ukweni anaitwa gunzi, ndipo nikapanda lori.

Mama mkubwa alikuwa anasuka ukindu barazani. Nilimpa, amefungwa kwenye ile khanga yake. Hakumfunua. Alimpitishia mkono kwanza, juu ya nguo, kama anayempima mtoto mchanga homa. Mkono ukasimama.

"Mgongo uko wapi?"

"Ulikuwa umeliwa, mama mkubwa."

"Nimekuuliza uko wapi."

"Niliuchoma."

"Kwa nini?"

"Kuchemshia gundi."

"Gundi ya nini?"

"Ya kumbandikia."

Akacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na kilio, si kwa kile kicheko. Kilikuwa cha kweli, cha mtu aliyesimuliwa kitu cha kuchekesha. Akajifuta macho. Kisha akanirudishia lile furushi, akaniwekea mikononi vilevile alivyonifundisha, kichwa upande wa kushoto.

"Hamfai mwali huyu," akasema. "Mtoto asiye na mgongo hafundishi kitu. Umemkata, mlee wewe. Mwogeshe, mpake mafuta. Ukimwangusha, kuku."

"Mama mkubwa..."

"Fundi," akasema, "usimlaze kifudifudi."

Hakuniita mwanangu tena hadi anaingia kaburini. Aliniita fundi, kwa upole, mbele ya watu, na wao walidhani ni sifa. Hakukabidhiwa mwali mwingine. Wasichana walipelekwa kwa kungwi wa upande wa pili wa barabara, naye alibaki na ukindu wake.

Sijachonga tena. Nilifanya kazi ya ukarani huku na kule, nikastaafu, nikajenga Kibiti hatua chache kutoka kwa dada yangu. Yeye sasa hana meno ya mbele, mimi natembea na mkongojo. Huja alasiri. Hapigi hodi, huegemea mwimo wa mlango akaniuliza, "Mwanao hajambo?"

"Hajambo."

"Ameoga?"

"Ameoga."

"Umempaka mafuta?"

Wajukuu zangu hufikiri ni mzaha wa wazee, na hucheka. Nami nikiwa sijampaka, dada yangu hugeuka akaenda zake, na siku hiyo nanywa chai peke yangu. Nikiwa nimempaka, bado haketi. Husema kwanza, "Mgeuze."

Namgeuza. Yeye huutazama ule ubapa palipokuwa mgongo, alama za msumeno bado zinaonekana ukimwelekeza kwenye mwanga, huutazama kama mtu anayesoma. Kisha huvuta mkeka, akaketi, akasema sukari iwe kidogo.